Seremala wa Mkono Mmoja

9 Februari 1986

Mwanangu mpenzi, Kijiti wangu,

Pokea salamu za mama yako, aliyekubeba tumboni, akakubeba mgongoni, na sasa anakubeba mdomoni kutwa nzima mpaka majirani wanaziba masikio. Sisi hatujambo. Mdogo wako amefaulu mtihani wa uuguzi na wamempa sare. Nimeipunguza kiunoni mwenyewe, kwa sababu ile waliyompa ilishonwa na mtu mwenye haraka ya kwenda nyumbani.

Picha yako imefika. Nimeitia kwenye fremu na kuitundika juu ya cherehani. Mteja akileta suruali ipunguzwe pindo namwambia, kabla hatujafika kwenye pindo, hebu tazama pale juu. Huyo mwenye koti jeupe, nyuma ya drams, ndani ya hoteli yenye lifti, ni wangu mimi. Jirani wa mlango wa bluu, yule ambaye mwanawe ni karani, sasa akiniona anavuka barabara. Avuke tu, barabara si yangu.

Baba yako yupo. Kazi ya makochi imepungua kidogo msimu huu, kwa hiyo anapumzika. Anakula.

Sasa sikiliza neno lililonikalisha niandike. Kuna seremala mmoja, mgeni, amehamia nyuma ya karakana yetu. Humjui. Ni mtu mzima, hodari wa kazi, na anapenda drams kama wewe. Bahati mbaya mwezi uliopita alianguka kutoka juu ya paa, mkono wa kushoto ukavunjika. Anakaa tu, anatazama ukuta, mpaka watu wake wanaogopa. Nikakumbuka uliandika kwamba hapo hotelini kuna wimbo unaoupiga kwa mkono wa kulia peke yake, kwa kuwa wa kushoto unatikisa kayamba. Nikamwambia, fundi, mwanangu anaweza hilo, na mwanangu akiweza jambo anaweza pia kulieleza. Basi nieleze. Andika polepole na uandike vizuri. Mimi shule niliishia darasa la nne, na ingawa darasa la nne la zamani si hili la siku hizi, mwandiko wako ni kama kuku aliyepita kwenye majivu.

Na usiniulize kwa nini hamuulizi baba yako. Unamjua. Yeye hafundishi, anagomba.

Ni mimi mama yako ninayekuona kila nikiinua macho.


3 Machi 1986

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta salama, isipokuwa mafua ya hapa yasiyokwisha. Mpe hongera mdogo wangu. Mwambie siku nikiugua nitataka sindano isiyouma, la sivyo nitamshitaki kwako.

Ile picha usiiamini sana, Mama. Mahali petu pa kupigia ni ukumbi wa kulia chakula, nyuma ya nguzo. Walinitoa nyuma ya nguzo wanipige picha, kisha wakanirudisha. Meneja anataka tupige taratibu ili wageni wasikie vijiko vyao. Lakini kazi ni kazi, na wenzangu ni watu wazuri. Mpiga kinanda anakoroma kwa mdundo, hata usingizini hakosei.

Kuhusu huyo seremala. Mwambie ahesabu moja mpaka nne, polepole, kama mtu anayepanga sahani mezani. Mguu wa kulia ukanyage ngoma kubwa kwenye moja na kwenye tatu. Mkono wa kulia utembee juu ya matoazi ya kukanyaga, lakini ikifika mbili uyaache, ushuke kwenye ngoma ndogo, upige, urudi juu. Ikifika nne, vivyo hivyo. Asiyejua atadhani matoazi hayakunyamaza hata kidogo, kwa sababu sikio lina tabia ya kumalizia lenyewe jambo lililozoea. Ngoma ndogo aisogeze upande wa kulia, karibu kabisa na matoazi, ili safari ya mkono iwe fupi.

Na kubwa kuliko yote, asijaribu kufanya kazi ya mikono miwili kwa mmoja. Hapo ndipo watu huharibu. Achague la kupiga na la kuacha. Pigo aliloliacha nalo ni sehemu ya mdundo.

Mkono ukipona atacheka kwamba aliwahi kuhangaika hivi.

Wasalimie wote nyumbani.

Mwanao,
Kijiti


24 Machi 1986

Kijiti wangu,

Nakusalimu kwa furaha kubwa. Mdogo wako ameanza kazi wodini na tayari wagonjwa wanamwita kwa jina la utani, Mpole, ambalo si kweli, lakini mgonjwa hana pa kujulia. Mvua imenyesha vizuri. Bati la jikoni limevuja upande ule ule wa siku zote, nikaweka ndoo ile ile.

“Wote nyumbani” nimewasalimia kama ulivyoagiza. Wote nyumbani ni wawili, mmoja ni mdogo wako. Huyo mwingine ana jina.

Barua yako nilimsomea seremala nikiwa nimesimama, kama anayesoma hotuba. Siku ya kwanza alikaa, akapiga, kijiti kikamtoka, kikaenda kupasua kioo cha dirisha la karakana. Nikamwambia, fundi, kioo nacho kilikuwa kwenye hesabu ya nne? Akanitazama kwa jicho ambalo lingeua mbwa. Siku ya pili hakutaka hata kuniona. Siku ya tatu nikiwa nafunga mlango wangu wa kushonea nikasikia ndugu wawili wanazungumza, ngoma kubwa na ngoma ndogo, na kati yao kitu chembamba kinawapatanisha. Kijiti, nilisimama na funguo mkononi. Nikasema, huyo ni mwanangu. Anapiga akiwa mbali huko, na huku anasikika.

Anatumia drams za baba yako. Baba yako amemruhusu.

Ila fundi ana ujumbe, naye ni mtu wa maneno ya moja kwa moja, usikasirike. Anasema maelezo ni mazuri lakini pigo la ngoma ndogo umelifundisha kwa haraka. Ukishuka na mkono umewahi, umeharibu. Lichelewe kidogo, anasema, kama mtu anayejua atasubiriwa. Na anauliza kama wewe mwenyewe siku hizi unachelewa au bado unakimbia.

Mimi sijui maana yake. Nimeandika kama nilivyoambiwa.

Mama yako asiyechoka kukusifu.


15 Aprili 1986

Mama,

Shikamoo. Huku tunaendelea. Mpiga gitaa ameoa mpishi wa hapa hotelini, sasa tunakula vizuri kuliko wageni.

Nimesoma barua yako mara kadhaa. Kwanza, Baba ameruhusu mtu aguse drams zake? Mimi nilizigusa nikiwa na miaka kumi na miwili nikala kofi ambalo bado nalisikia hali ya hewa ikibadilika. Huyo seremala kampa nini?

Pili, huyo seremala wako ana kiburi cha mtu ninayemjua. Kuna mtu aliwahi kuniambia maneno hayo hayo, “unakimbia”, ila hakuniambia kwa barua. Aliniambia jukwaani, Jumamosi, ukumbi umejaa, wimbo uko katikati, akapanda akaninyang'anya vijiti mkononi na kukaa yeye. Watu wakadhani ni mchezo, wakapiga makofi. Wewe ulikuwa mstari wa mbele, Mama, na lile gauni la zambarau. Wewe peke yako hukupiga makofi. Hilo sijalisahau, wala lile lingine.

Sikupanga kuandika haya. Tuyaache.

Mwambie fundi kwamba ndiyo, pigo la ngoma ndogo lichelewe, ana haki. Akiwa tayari ajaribu kugeuza: mkono ubaki kwenye ngoma ndogo kwa vipigo vidogo vidogo vya chinichini, kama mvua inayoanza, na matoazi ayafanyie kazi kwa mguu wa kushoto, akanyage kwenye mbili na nne yafungane na kulia. Hapo mkono mmoja unasikika kama watu watatu.

Lakini Mama, mkono uliovunjika mwezi wa kwanza bado haujafunguliwa bandeji? Huko mfupa unaungwa na nani?

Kijiti


6 Mei 1986

Mwanangu mzaliwa wa kwanza,

Salamu. Mdogo wako hajambo, anarudi kazini miguu imevimba, namkandia kwa maji ya moto. Jirani wa mlango wa bluu alikuja kushonewa, fikiria! Ana sare mbili za kushonwa akaona hakuna fundi mwingine. Nilimpokea kwa heshima zote na nikampimia chini ya picha yako, mahali ambapo hawezi kukwepa kuinua kichwa.

Kuhusu vijiti na ile Jumamosi, mimi simo. Nilikaa mstari wa mbele kwa sababu ndiko mke wa mpiga drams hukaa, na ndiko mama wa mpiga drams hukaa. Siku ile kiti kilikuwa kimoja na mimi nilikuwa wawili. Sina zaidi.

Mfupa wa seremala ni mbishi kama mwenyewe. Mifupa ya watu wazima haiungi haraka.

Sasa, fundi amefurahia sana hilo la vipigo vya mvua. Mkono wa kulia umekuwa mwepesi, utadhani unashona tundu la kifungo. Shida iko kwenye matoazi. Ule mguu wa kushoto ulioandika akanyagie, nao hausikii. Anautuma hauendi. Akikaa kwenye kiti lazima kwanza niuinue kwa mikono yangu niuweke, na hata ukiwekwa unalala pembeni. Je, kuna namna matoazi yanaweza kupigwa bila mguu huo? Na akichoka mwili unainamia upande ule ule wa kushoto, kwa hiyo nimemshonea mkanda wa turubai wa kumfunga kwenye mgongo wa kiti. Je, unambana pumzi, au wapiga drams huweza kufungwa?

Jibu upesi. Anaulizia jibu kila siku huku akijifanya haulizi.

Mama yako.


10 Juni 1986

Kijiti,

Hujambo? Sisi hatujambo. Nimekwenda posta mpaka karani ananiita mama mkwe. Ananiona mlangoni tu anatikisa kichwa kabla sijafungua kinywa.

Labda una kazi nyingi. Nimemwambia seremala kwamba hoteli kubwa zina kazi nyingi, na kwamba mpiga drams wa hoteli hawezi kuacha wageni wakae kimya kwa sababu ya mguu wa mtu. Akasema, “Usimtetee. Huenda nimeuliza vibaya.” Nikamwambia aliyeuliza ni mimi.

Ameacha kupiga kwa siku hizi. Anakaa pale karakana, katikati ya makochi yasiyo na nguo, springi na makumbi ya nazi nje, kama yanangoja daktari. Drams zimefunikwa lile shuka nililozishonea. Mdogo wako anamsukuma nje na kiti chake jua likiwa dogo. Anatazama ukuta.

Kama nimeandika neno lililokuudhi, nitukane, lakini andika.

Mama.


28 Juni 1986

Mama yangu,

Shikamoo, Mama. Nisamehe kwa kimya.

Barua yako ya mguu niliisomea kwenye ngazi ya nyuma ya hoteli, tukiwa tunangoja meza zipangwe. Niliisoma nikaingia ndani, nikapiga nyimbo zote za jioni ile, na sikumbuki hata mmoja. Mtu aliyeanguka kutoka paani akavunjika mkono, mguu wake haulali, Mama. Mwili wake hauinamii upande mmoja. Baba wa mpiga kinanda wetu aliamka hivyo hivyo asubuhi moja, upande mzima umepooza.

Sikuulizi kitu. Kama ulitaka nijue ungeniambia, na kama hukuniambia kuna mtu amekukataza, nami namjua. Sitamvua seremala kofia yake mbele za watu. Nimemwandikia karatasi ya pili. Msomee tafadhali, na ukifika mahali pagumu usiruke.

Mdundo huu nimeujaribu mwenyewe tangu siku hiyo. Nimeufunga mkono wangu wa kushoto kwenye mkanda wa suruali na kuuweka mguu wa kushoto juu ya kreti la soda. Wenzangu walidhani nimerukwa na akili. Kisha wakanifuata.

Nimeomba ruhusa ya kuja. Mpiga drams wa kunishikia nafasi anafika mwisho wa Agosti, kabla ya hapo hawaniachii.

Kijiti wako

*

Kwa Fundi Seremala,

Shikamoo, Fundi.

Pole kwa ajali. Nimechelewa kukujibu na huna deni la kunisamehe.

Matoazi. Kuna watu huyafunga kwa mpira wa tairi yakakaa yamebanwa muda wote, na yanapigika. Lakini yatakuwa na sauti moja tu, na wewe si mtu wa sauti moja. Nina wazo bora. Mama yangu amekanyaga cherehani tangu kabla sijazaliwa. Mguu wake haujawahi kuchelewa wala kuwahi, mimi nimelala usingizi wa utoto wangu wote juu ya mguu ule. Mweke kiti kando yako, upande wa kushoto. Mwambie akanyage kwenye mbili na nne. Atajivuna mpaka utajuta, lakini atakanyaga.

Mkanda wa turubai hauna ubaya, ila ufungwe chini ya mbavu. Kijiti kikiteleza kizungushie ngozi ya kochi, ile nyembamba ya mikononi, uso wa ndani utazame nje. Hilo nalijua kutoka kwa fundi makochi mmoja.

Huyo fundi makochi kama unaonana naye, nina neno lake. Mwaka jana hoteli walitunasa kwenye kaseti, nikajisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza kama mtu baki. Nilikuwa nakimbia. Wimbo mzima nakimbia, na wenzangu wananifukuza kama watoto wanaofukuza gari. Kwa hiyo mwambie, kuhusu mdundo alikuwa na haki. Kuhusu vijiti hakuwa na haki. Angengoja wimbo uishe, angenivuta nje, angenisema hata kunipiga, ningesikia. Yote mawili ni kweli na yote mawili nimeyabeba muda mrefu, nikidhani lazima moja lishinde.

Tangu wakati ule nachelewa, Fundi. Uliniuliza. Nachelewa kidogo kwenye ngoma ndogo, kama mtu anayejua atasubiriwa.

Nitakuja mwisho wa Agosti. Nitapitia karakana. Usiache kupiga. Na ngozi ya ngoma kubwa usiikaze sana, tangu zamani ina tabia ya kulialia.

Kijana wako,
Kijiti


30 Julai 1986

Kijiti, mwanangu,

Nakusalimu. Mdogo wako hajambo. Bati la jikoni limezibwa, jirani wa mlango wa bluu alimleta mwanawe karani akapanda juu na koti lake la ofisini. Kumbe ni kijana mzuri. Mimi ni mzima.

Seremala ametutoka.

Nimeliandika hilo nikaweka kalamu chini, nikaenda nikanywa maji. Nimechoka kumwita seremala. Baba yako amefariki, mwanangu. Ilikuwa asubuhi, amekwisha kunyolewa ndevu na mdogo wako, anangoja chai. Nilipogeuka na kikombe alikuwa ameinamia upande wake ule wa kushoto na mkanda umemshika. Nilidhani amesinzia.

Sikukupigia simu ya maandishi ya posta. Nilikwenda, nikasimama dirishani, karani akanipa fomu, nikaona ile nafasi ya maneno machache, nikamrudishia. Ningeandika nini hapo? Na wewe ungesoma nini, umesimama nyuma ya nguzo? Kama nimekosea utaniambia ukifika, tena uniambie nje, kama ulivyomwandikia.

Alianguka Januari, hapo hapo karakana, na nyundo mkononi. Akanikataza. Alisema, mdomo umepinda nusu, “Akijua atakuja kwa huruma. Sitaki huruma ya mtu niliyemnyang'anya vijiti.” Seremala nilimtunga mimi, peke yangu, na darasa langu la nne. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mimi maradhi sikuyaficha, niliyaandika yote mpaka mguu. Nilimficha mtu tu.

Sasa nikwambie habari za karatasi yako ya pili, maana hiyo ndiyo iliyobaki.

Ilifika. Ilimkuta hai. Nilimsomea karakana, yuko kwenye kiti chake kati ya makochi. Nilipofika “Shikamoo, Fundi” alifumba macho. Nilipofika pale pa vijiti sikuruka, uliniagiza. Nikasoma, “hakuwa na haki”, nikamtazama. Alikuwa anacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki. Akasema, “Kweli. Nje. Ningemvuta nje.” Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie pale unaposema unachelewa. Hapo hakucheka. Alisema, “Anachelewa sasa,” kama mtu anayemwambia mwenzake kuwa mtoto amelala, tusipige kelele.

Kisha akasema, “Leta kiti.”

Nikaleta kiti, mwanangu! Nikakaa kushoto kwake, nikavua kiatu. Akaniambia, mbili na nne. Nikamwambia, mimi nimekanyaga cherehani tangu wewe hujui kutofautisha kochi na kitanda, usinifundishe kukanyaga. Tukaanza. Nakuambia ukweli wa Mungu wangu, sikukosea hata mara moja. Waambie wenzako wa hoteli kwamba wewe ukoo wako wote ni wapiga drams, mpaka wanawake. Mpiga kinanda huyo anayekoroma aje ajifunze.

Tulipiga kila jioni kabla ya kuwasha taa. Watu walianza kusimama dirishani, pale kioo kilipopasuka. Wenzake wa ukumbini walikuja, wale wanaume wakubwa, wakasimama nje na kofia mkononi, akawakatalia kuingia. Akasema hajawa tayari, kuna mtu anangojwa mwisho wa Agosti. Ngozi ya ngoma kubwa aliilegeza. Alisema, “Ana haki, inalialia.”

Kuna siku nilinogewa. Mkono wake ulikuwa unakwenda ile mvua yake juu ya ngoma ndogo, mguu wangu unafunga matoazi, na kila baada ya muda palikuwa na mahali patupu, pakubwa, ambapo zamani mkono wake wa kushoto ulikuwa unaingia na mlio mmoja wa nguvu uliokuwa ukiwainua watu vitini. Niliujua, nimeusikia ujana wangu wote. Basi nikaokota kijiti cha pili, nikasema ngoja nimsaidie. Nikainua mkono. Hakusimamisha mdundo, wala hakunitazama. Akasema, “Acha. Hapo pana mwenyewe.”

Nikaweka kijiti chini. Tukaendelea hivyo, tunapafika, tunapaacha wazi, tunapita.

Mdogo wako aliazima redio kaseti wodini akatunasa. Kaseti iko ndani ya furushi hili, nimeizungushia kipande cha kitambaa kizito cha sare isivunjike. Mwanzo utasikia mtu anasema “bado”, ni mimi, nilikuwa sijakaa sawa. Kisha ni baba yako. Baada ya hapo hakuna aliyesema kitu mpaka upande wa kaseti unakwisha.

Alizikwa vizuri. Watu walijaa mpaka jirani wa mlango wa bluu akafungua ua wake. Nilikaa mstari wa mbele.

Drams nimezifunika. Kiti chake nimekipangusa, sijakisogeza, na ule mkanda nimeufungua kwa sababu wewe huuhitaji. Njoo hiyo Agosti kama ulivyopanga, usiharakishe, usije ukafukuzwa kazi kwa ajili ya kuwahi jambo lililokwisha. Safari hii chelewa, utasubiriwa.

Lakini kaseti usingoje. Jifungie mahali, uisikilize ukiwa umekaa kwenye drams zako, mkono wa kulia uupumzishe gotini, yeye yupo kulia. Kijiti kishike kwa mkono wa kushoto. Utapajua mahali penyewe. Panarudi mara nyingi.

Mama yako,
mpiga matoazi